Tabia Njema ya Bunduki

Ili mama aruhusiwe kuosha sufuria za watu Riyadh, serikali mbili zilimchunguza kuanzia unywele hadi ukucha. Walimpiga picha ya kifua. Walimtoa damu, mkojo na choo. Walimpima mimba, ingawa alikuwa amewaeleza vizuri kwamba baba alikuwa kwao Nyamira na hajarudi mwezi mzima. Vidole vyote kumi vikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, na mwishowe akapewa cheti cha tabia njema, ambacho huthibitisha kwamba hujawahi kukamatwa, au kwamba ulipokamatwa uliongea na afande kwa heshima. Baba alipitia mlango huo huo, na kwa kuwa yeye angeshika usukani, akaongezewa kupimwa macho.

Sina ubaya na hayo. Mtu akimwingiza mgeni jikoni kwake ana haki ya kujua kama ni mwizi. Nasema tu kwamba, baada ya kuona mama anachambuliwa hivyo kwa ajili ya sponji na sabuni, nilidhani mtu anayetaka bunduki hupasuliwa kabisa, akaangaliwa maini, kisha akashonwa.

Tuliishi uani, nyuma ya nyumba kubwa ya bosi pale Al-Malqa, chumba kimoja chenye kiyoyozi kilichokoroma kama mjomba mlevi. Baba alimwendesha madam, maana miaka hiyo wanawake walikuwa bado hawajaruhusiwa kuendesha. Mama alipika na kusafisha. Mimi nilikuwa nasoma shule ya watoto wa wageni, na niliingia nchini kwa hisani ya bosi, hisani ambayo alitukumbusha kila alipoona tunaanza kuisahau. Bosi ndiye aliyekuwa kafili wetu, yaani ikama zetu sote, vile vibali vya kuishi, zilining'inia kwake kama nguo kwenye kamba. Akiikata kamba, tunaanguka sote watatu, na muhula wangu juu yetu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo mzuri na shabaha mbaya.

Shabaha hiyo tuliijua kwenye harusi ya binamu yake. Mababu zake walikuwa wakifyatua risasi hewani kusherehekea, na kwao hapakuwa na tatizo, maana kule jangwani juu ya vichwa vyao hapakuwa na kitu ila Mungu. Lakini mjini, juu ya vichwa kuna matangi ya maji. Bosi akafyatua kwa furaha, na furaha ikatoboa tangi la jirani wa ng'ambo ya barabara, kwenye paa. Maji yakashuka ngazi kwa ngazi hadi sebuleni, yakakuta makochi mapya bado yana nailoni. Polisi wakaja. Wakaondoka na bunduki, wakaondoka na leseni, na jina la bosi likaingia mahali ambapo majina hayatoki kwa kufutwa na kitambaa.

Siku chache baadaye alikwenda kwa jirani kuomba msamaha, akanichukua nimbebee sinia ya tende. Huko ndiko nilikojifunza kitu. Wenyeji walimmiminia kahawa kwenye kile kikombe kidogo kisicho na mkono. Bosi akakipokea, akakiweka juu ya zulia mbele yake, akakunja mikono. Hakunywa. Jirani akakitazama kikombe kile kana kwamba kimeota meno. Kahawa inapoa, hakuna anayepumua, na mimi na sinia yangu nikidhani labda kuna nzi ndani. Kisha jirani akasema neno moja tu, "Abshir," na bosi akanywa, na watu wakaanza kucheka na kupigana mabega.

Mwalimu wetu wa Kiarabu ndiye aliyenieleza. Mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana haja kwa mwenyeji. Kumwacha kahawa yake ipoe ni aibu ya kutembea nayo mtaani. Na mwenyeji akisema abshir, amesema: umeshapewa, hata kabla sijasikia unataka nini. Halas, hakuna kurudi nyuma. Niliipenda sana desturi hiyo. Nilijaribu nyumbani na uji, nikaweka bakuli chini na kukunja mikono. Mama akasema nisipokunywa ataninywesha kwa pua.

Basi jirani akasamehe na kuondoa malalamiko yake. Lakini polisi hawakuwa wamekunywa kahawa na mtu.

Msimu wa kuwinda ulipokaribia, bosi akaanza kuwashwa. Mchana mmoja akamwambia baba ampeleke kwenye duka la silaha, nami nilikuwa kwenye gari, nimetoka shule. Niliingia nao. Duka lilikuwa safi kama zahanati. Mwenye duka alikuwa mtu mpole mwenye miwani, anayezungumza kama anamwamsha mtoto. Bosi akachagua bunduki ya kuwindia, akailaza begani, akafumba jicho. Nikasogea mbali na dirisha.

Mwenye duka akaomba leseni. Bosi akasema iko njiani. Mwenye duka akaomba namba ya kitambulisho, akaibonyeza kwenye kompyuta yake, akasoma kilichotokea pale, akasoma tena. Kisha akaichukua ile bunduki mikononi mwa bosi taratibu sana, akairudisha kwenye kabati la kioo, akafunga kwa ufunguo. Akasema bila leseni haiwezekani, na leseni haipatikani hadi wakubwa wa polisi waridhike na mambo fulani, na kwamba yeye akiuza hivyo hivyo wanalifunga duka na yeye akiwa ndani. Hakutaja tangi. Adabu ilikuwa imemjaa hadi kooni.

Tulitoka na birika la kupikia kambini. Ndilo pekee lililouzwa bila maswali.

Bosi alilikumbatia birika hadi taa za kwanza za barabarani. Kisha akamwambia baba kwa ile lugha yao, nusu Kiarabu nusu Kiingereza na nusu mikono, kwamba dukani wanauliza sana. Mjomba wake wa Jeddah alikuwa na bunduki nzuri aliyoacha kuitumia kwa sababu ya mgongo. Mjomba angemuuzia. Mjomba hangeuliza kitu, maana mtu na damu yake hawaulizani karatasi. Baba angekwenda kuichukua. "Wewe ni dereva," bosi akasema. "Mzigo ni mzigo."

Hapo ndipo nilipoielewa dunia. Bunduki ile ile, mnunuzi yule yule, tangi lile lile. Akiinunua kwa mgeni mwenye miwani, ni hatari kwa taifa. Akiinunua kwa mjomba, ni zawadi ya familia iliyofungwa kwenye blanketi. Nilikuja kujua baadaye kwamba sheria yenyewe haikuwa imemsahau mjomba: hata mtu na mtu wake hawaruhusiwi kupeana silaha kienyeji, lazima aliye na leseni na anayeitaka waende kwa wahusika, wa pili naye achunguzwe, jina lihame. Lakini sheria hukaa ofisini na mjomba hukaa nyumbani.

Mama alipoambiwa aliweka kisu chini. Mama akiweka kisu chini akiwa anakata vitunguu, jua mambo.

"Ukikamatwa na hiyo kitu, bosi atasema ni ya nani?"

Baba akasema bosi ni mtu wa haki.

"Nimekuuliza atasema ni ya nani."

Baba akasema ataendesha polepole. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila tatizo la maisha haya, kuanzia mvua hadi madeni. Mama akamwambia kwamba kwa mgeni kukutwa na bunduki yenye jina la mtu mwingine hakuna polepole, kuna jela, kisha ndege, na yeye mama atabaki kuletewa begi la baba mlangoni. Baba akamuuliza kama angependa aende sasa hivi kumwambia kafili kwamba hataki, ili warudi Nyamira pamoja na mimi na hicho kisu. Mama akakiokota, akaendelea na vitunguu. Hakuna aliyeshinda.

Bosi akashauri nami niende, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Alisema gari lenye mtoto halisumbuliwi barabarani. Aliniambia kwa upendo kabisa, akinipapasa kichwa. Akatia blanketi la maua kwenye buti kwa mkono wake mwenyewe. Hapo nikajua kwamba blanketi tulikuwa wawili.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni jangwa, kisha jangwa, kisha Taif, kisha mlima wa kushuka ukishika dashibodi. Kabla ya Makka barabara inagawanyika: Waislamu wananyooka, sisi wengine tunakata kona. Askari alitazama ikama ya baba, akaona dini, akatuonyesha njia yetu kwa kidole bila hata kuangalia gari. Baba akapumua. Nikamwambia kwamba sasa hatuna kitu, apumue wakati wa kurudi. Akaniambia ninyamaze hadi baharini.

Tulilala Jeddah, mtaa wa Bani Malik, kwa rafiki yake baba wa zamani, Mkamba aliyekuwa mlinzi kwenye duka moja kubwa, anayeishi na wenzake wanne katika vyumba viwili. Asubuhi, tukila mkate na mayai, baba akamweleza kazi iliyotuleta, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wa rafiki yake. Mlinzi akatafuna hadi akamaliza.

"Mimi hapa nalinda dhahabu," akasema. "Nimechunguzwa Machakos, nikachunguzwa Nairobi, nikachunguzwa hapa. Na unajua nilichopewa? Filimbi. Na nilipoipoteza niliandika maelezo kurasa mbili. Sasa wewe ndugu yangu unataka kubeba bunduki ya mzee wa watu kwenye buti, na karatasi yako ni gani? Leseni ya kuendesha Camry?"

Baba akasema muuzaji na mnunuzi ni watu wa familia moja, wataelewana.

"Wao wataelewana. Askari hataelewana na wao, wao watakuwa wamekaa kwenye mito. Ataelewana na aliye na usukani."

Baba akasema ataendesha polepole. Mlinzi akanitazama mimi kwa huruma, akanisogezea yai lake.

Nyumba ya mjomba wa bosi ilikuwa ya zamani, yenye mti wa mkunazi uani na mlango uliopakwa rangi juu ya rangi. Nilitarajia tupewe mzigo mlangoni, yalla, kwaheri. Lakini mzee yule alikuwa wa kizazi ambacho mtu akitoka safari haachwi mlangoni, awe sultani awe dereva. Akatuingiza hadi sebule ya wanaume, akatukalisha kwenye mito, akakaa nasi. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe zilizochanwa, na mgongo ulioshuka kwa awamu tatu kila alipokaa. Bunduki ilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake, inang'aa. Baba akaitazama, kisha akatazama zulia, na hakuinua macho tena.

Mzee akauliza habari za safari, habari za mpwa wake, habari za mvua kwetu. Baba alijibu kwa maneno aliyokuwa nayo. Kiarabu cha baba kilikuwa cha barabarani: kulia, kushoto, simama, mafi petroli, yaani petroli hakuna. Yaliyobaki nilitafsiri mimi. Kisha mzee akashika dele la kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akammiminia baba wa kwanza, kama mgeni mkubwa.

Sasa lazima nieleze kitu. Baba ni Msabato. Si Msabato wa Jumamosi peke yake, ni Msabato wa Kisii, wa kitabu na kila herufi yake. Hanywi pombe, hanywi chai ya majani, hanywi kahawa, hata iwe imemiminwa na malaika. Kule Al-Malqa walilijua hilo kitambo, kila mara walimpa maziwa. Lakini Jeddah hakuna aliyekuwa amemwambia mzee. Na baba, kwa kuwa ni mtu wa adabu, hakutaka kukataa mkononi. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akakiweka polepole juu ya zulia mbele yake. Akakunja mikono.

Mzee aliacha kuongea katikati ya neno.

Nikamwona anakitazama kikombe. Nikakitazama mimi. Baba peke yake ndiye aliyekuwa ametulia, anatabasamu kidogo, anadhani amefanya vizuri. Mvuke ukapanda, ukapungua. Mzee akaliweka dele chini. Akainyoosha ile shingo yake na uso ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeitwa na jambo zito nyumbani kwake, na dereva, mgeni, mtu aliyetoka mbali. Nadhani hakuna aliyekuwa amemfanyia hivyo kwa miaka. Nadhani alifurahi.

"Kunywa kahawa yako," akamwambia baba. "Abshir."

Baba akanigeukia. "Amesema nini?"

"Anauliza mbona hunywi."

"Mwambie si dharau. Mwambie ni imani yangu. Mwili ni hekalu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema mwili ni hekalu. Kiarabu cha hekalu nilikuwa nacho, tulisoma muhula wa kwanza. Lakini juu ya kichwa cha mzee kulikuwa na kile chuma, na kwenye buti lilikuwa blanketi, na mzee alikuwa ameshasema neno lisilorudi. Mdomo wangu haukuniuliza.

Nikasema, kwa Kiarabu kizuri kuliko chote nilichowahi kukitumia, kwamba baba yangu anamheshimu sana, na ana haja. Bunduki ile ina jina la mzee. Baba yangu anaogopa kuibeba kwa siri hadi kwa mtu asiye na leseni, maana ikipatikana naye atafungwa, na jina la mzee litakuwa pale pale chini. Anaomba isitoke ukutani mpaka wenyewe wawili waende kwa wahusika, kama inavyotakiwa.

Mzee hakushtuka na habari ya jela. Kilichomshtua ni neno jingine.

"Mtu asiye na leseni nani?"

"Mpwa wako."

"Leseni yake inafanywa upya."

"Ilichukuliwa. Baada ya tangi."

"Tangi la nani?"

Nikamsimulia yote, hadi duka lililomkatalia. Sikuongeza chumvi, maana hadithi yenyewe ilikuwa ndani ya maji tayari. Nilipofika kwenye makochi ya nailoni, mzee alifunika macho kwa kiganja, na mabega yakaanza kutetemeka, sikujua kama analia au nini. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyekuwa juu ya paa siku ile. Nikasema mfanyakazi wa jirani hupanda kuanika nguo, lakini ilikuwa jioni, ameshazianua. Mabega yakaacha kutetemeka.

"Yule kijana aliniambia ni mambo ya karatasi tu," akasema. "Karatasi tu."

Baba akaninong'oneza kwamba tusimalize muda wa mzee kwa habari za kahawa. Nikamwambia tunakaribia kumaliza.

Mzee akachukua simu, akampigia bosi, akaweka sauti juu kama wafanyavyo wazee, ili ukoo mzima usikie. Alimsalimu kwa kirefu. Kisha akamuuliza duka lilimkatalia kwa sababu gani.

"Dereva ndiye aliyekwambia?" ikasema sauti ya bosi.

Neno hilo la dereva baba alilijua. Tabasamu likamtoka usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Mgeni wangu aliweka kahawa chini," mzee akasema. "Nikamwambia abshir. Unataka nile maneno yangu?"

"Mjomba, sisi ni familia. Hili si duka."

"Ndiyo maana nakuuliza mimi. Dukani walikuonea haya."

Akamwambia bunduki itabaki ukutani. Siku atakapokuwa na leseni mkononi, aje mwenyewe, waende wote wawili kwa wahusika, na yeye mzee ataibeba na mgongo wake huo huo. Akamwambia kwamba Ramadhani atakuja Riyadh kufuturu kwake, na atataka kuletwa kutoka uwanja wa ndege na dereva huyu huyu, si mwingine. Kisha akakata simu, akamwashiria baba anywe sasa, haja imekwisha. Baba akanitazama. Nikakiinua kikombe nikakinywa mimi, nikamweleza mzee kwamba baba ana tumbo. Kilikuwa kichungu kama dawa ya minyoo.

Baba aliendesha hadi tulipoupanda mlima wa Taif. Hapo akaniuliza nilisema nini hasa kule ndani. Nikamwambia chote. Alisimamisha gari pembeni, akashuka, akasimama akiangalia bonde. Nilidhani atanichapa, nikaanza kuchagua upande. Alirudi akasema jambo moja: kwamba nimemtoa kwenye shimo nikamtia kwenye kisima, na kwamba mimi ndiye nitakayemwambia mama kwamba tumefukuzwa kazi, kwa hiyo nianze kufikiria maneno, kwa kuwa maneno ninayo. Akaendesha. Polepole.

Mbele ya Taif kulikuwa na kizuizi. Wakati wa kuja hapo hakuna aliyetuangalia. Sasa hivi askari mmoja kijana, ndevu hazijaamua, akatuambia tuweke kando. Gari lenye mtoto halisumbuliwi, alisema bosi. Kijana yule hakuwa ameambiwa. Akafungua buti. Akatoa mfuko wa tende aliotupa mzee, akatoa chupa ya uji, akatoa jeki, akang'oa gurudumu la spea na kupiga tochi chini yake. Akaliona blanketi la maua, limekunjwa kwa urefu. Akalishika ncha mbili, akalikung'uta hewani kwa nguvu zake zote, na upepo ukalijaza kama nguo ya mtu mnene.

Hakikuanguka kitu. Askari akalikunja vibaya, akalirudisha, akasema yalla.

Baba alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, mikono juu ya paa la gari. Alibaki hivyo kidogo hata baada ya kuambiwa aende. Tulipoingia akashindwa kuutia ufunguo mahali pake, nikautia mimi. Tukaenda mwendo mrefu. Kisha akaniuliza kama nina njaa, akaniambia nifungue tende.

Bosi alikuwa amesimama getini tulipofika, na mama nyuma yake kwenye mlango wa jikoni, mikono kwenye aproni. Bosi mwenyewe akafungua buti. Akatazama tende. Akalitazama blanketi lake. Alikuwa na maneno mengi usoni, yote yakigombania mlango mmoja, lakini mjomba alikuwa ameshakaa mlangoni.

"Kesho madam anatoka saa tatu," akamwambia baba.

Mama akarudi jikoni haraka. Nilimsikia akifungua bomba la maji bila kuosha kitu.

Adhabu ilikuja kwangu. Kuanzia siku hiyo sikupanda tena gari la bosi kwenda shule. Nilitembea, katika jua ambalo halina huruma na mwanafunzi, nikipita majumba ya Al-Malqa moja baada ya jingine na kuhesabu matangi ya maji juu ya paa, yote mazima, alhamdulillahi. Madam alinipa mwavuli. Ulikuwa wa pinki, na wenzangu shuleni hawakuuacha upite bure.

Mambo hayo yalikuwa yamepoa alipokuja mgeni mmoja, rafiki ya bosi, aliyeegesha gari uani na kutoa kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka. Nilikuwa kwenye ngazi nasoma. Bosi akamwita baba, akamwonyesha stoo kwa kidevu. Baba akasogea. Akakitazama kile kitu, mikono nyuma ya mgongo.

"Ruksa?" akasema, neno la Kiarabu la leseni.

Rafiki akamuuliza bosi dereva anasema nini.

"Ruksa mafi," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini miguu hakuisogeza, "mimi beba mafi."

Nikangoja dunia ianguke. Bosi akamtazama baba, akanitazama mimi na kitabu changu, akatazama juu kidogo, upande wa paa la jirani. Kisha akamwambia rafiki yake airudishe garini, waingie ndani wanywe kitu.